Kiti cha Kapiteni Salomon

Mpaka hivi karibuni, ukiingia sebuleni kwa Muyisa, pale Butembo, mashariki ya Kongo, ulikuwa hupewi maji wala huulizwi habari za nyumbani kabla hujaonyeshwa kiti. Na kiti chenyewe si cha kuonyesha. Ni kifupi, cha mbao nyeusi, mguu wake mmoja umefungwa waya, na nyuma kina matundu mawili yaliyopitishwa kamba za ngozi ambazo zimekauka na kujikunja. Hakukuwa na ruhusa ya kukikalia. Paka aliwahi kujaribu, akajuta.

"Hii ni kiti ya babu yangu, Kapiteni Salomon," Muyisa husema, kisha hunyamaza kidogo ili mgeni apate nafasi ya kushtuka.

Na mgeni hushtuka kweli, maana kutoka Butembo mpaka Eringeti ni nani hajasikia habari za Kapiteni Salomon? Alikuwa katekista wa kanisa dogo la kijijini, upande wa Mangina. Wakati wa uasi wa miaka ya sitini, padri alipoondoka, na askari wa serikali wakiwa wameshamtangulia kuondoka, katekista alikusanya vijana wa kwaya, akawapa mikuki na bunduki mbili za kuwindia nyani, akaweka ulinzi kwenye kivuko cha mto. Watu wakampa ukapiteni bila kusubiri serikali. Asubuhi alisalisha rozari, mchana alikagua gwaride, na Jumapili alihubiri huku bunduki imeegemezwa kwenye altare, jambo lililofanya mahubiri yake yasikilizwe kwa makini sana. Na kwa sababu goti lake moja lilikuwa bovu, vita vyote aliviongoza akiwa ameketi.

Hapo kwenye kuketi Muyisa hujipiga kifua kana kwamba goti lilikuwa lake. Na hapo hapo mkewe Kanyere hukohoa. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayejua jambo na ameamua kulimeza. Kwa miaka na miaka wageni wamempa pole, wengine wamemshauri anywe tangawizi.

Anachokijua Kanyere ni kwamba Kapiteni Salomon si babu wa Muyisa. Si babu mzaa baba, si babu mzaa mama, si hata jirani.

Tusimwonee lakini. Uongo huo haukuzaliwa na ukubwa huu. Ulianzia Kasindi, mpakani, Muyisa akiwa kijana mwembamba anayefuata misumari na mabati Uganda kwa ajili ya duka ambalo bado hajalifungua. Siku hiyo alikuwa anasubiri lori, tumbo tupu, na mfanyabiashara mmoja mzee wa Mangina alikuwa anakula wali na nyama karibu naye. Mzee akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

"Ya Katembo," Muyisa akajibu, na hapo alikuwa anasema kweli tupu.

Sasa, kwa Wanande, watu wa huku, mtoto wa kiume haitwi ovyo. Kila jina ni zamu. Paluku ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Na watu wa Mangina waliwajua vizuri wana wa Kapiteni: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, kisha Mbusa. Kati ya Kakule na Mbusa palikuwa na pengo. Mbusa hazaliwi kabla ya Katembo kuzaliwa, kwa hiyo Katembo wa Kapiteni alikuwapo, ila nje ya nyumba ile hakuna aliyekumbuka alikwenda wapi. Mzee wa watu akaacha kutafuna.

"Katembo ya Kapiteni?"

Muyisa hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alitabasamu tu, akiangalia nyama. Tabasamu hilo lilimletea sahani yake mwenyewe, na baadaye nafasi ya mbele ndani ya lori, karibu na dereva, mpaka Butembo. Alipofika nyumbani alikuwa ameshiba na ana babu mpya.

Babu yake wa kweli aliitwa Lusenge. Huyo naye alikuwa na kina Kapiteni kwenye kivuko, lakini kazi yake ilikuwa kubeba kiti. Ndivyo baba yake Muyisa alivyomwambia alipokuwa mgonjwa wa kufa, akimkabidhi kiti chenyewe: babu yako alikuwa anakibeba, usikiuze. Muyisa hakukiuza. Aliweka kiti, akaacha maneno yaende zake. Hebu jiweke mahali pake: una duka la vifaa vya ujenzi, unataka watu wakukopeshe simenti, halafu useme babu yako alikuwa mbeba kiti?

Na bado, kila Novemba, siku ya marehemu wote, mtu huyu alipanda gari mpaka Mangina na panga lake, akafyeka majani kwenye kaburi la Kapiteni, akapaka msalaba chokaa, akaomba misa. Alikwenda hata ule mwaka ambao watu wa Mangina wenyewe walikuwa wamekimbia vita kwenda Beni na vitanda vyao vichwani. Aliporudi salama, Kanyere alimwekea chakula mezani na hakumsemesha wiki nzima. Alikuwa mwongo, sawa, lakini mwongo mwenye bidii.

Mwaka jana ndipo alipozidisha. Nyumba yake ya uani amempangisha Mukendi, mwalimu wa historia aliyeletwa na kazi kutoka Kasaï, mtu mpole anayependa mambo yanyooke. Muyisa akamwomba amchoree mti wa ukoo wa Kapiteni. Mukendi akauliza maswali, akachora, na Muyisa akaupeleka kuchapishwa kwenye bâche, turubai kubwa, rangi nne, akaitundika ukutani nyuma ya kiti. Kapiteni ndiye shina. Wanawe ni matawi. Tawi la Katembo limechorwa nene kuliko yote, kwa ombi la aliyelipia.

Chini ya bâche hiyo ndipo Élodie alipomleta Jordy.

Élodie ni binti wa mwisho wa Muyisa, muuguzi huko Mabalako, na kama ana kosa lolote baba yake hajaliona. Jordy ni agronome, kijana wa Beni anayewafundisha wakulima kukausha kakao. Alikuja amevaa shati jipya, kola bado imekakamaa, na hotuba fupi ameikariri njiani. Hakuitoa. Kabla hajakaa, Muyisa alishamshika mkono na kumpeleka mbele ya kiti. Akapewa kivuko, akapewa rozari, akapewa goti. Kanyere akakohoa. Mukendi, aliyekuwa amealikwa kahawa, akatikisa kichwa kwa heshima kama siku zote.

Jordy alikuwa anaangalia ukutani.

"Papa," akasema polepole, akinyoosha kidole, "huyu Mbusa wa hapa njo baba ya papa yangu."

Muyisa aliruka. Hakuna neno lingine. Mtu wa umri wake, mwenye tumbo lake, aliruka juu akamkumbatia kijana mpaka kola ikalegea.

"Weye ni mutoto ya kwetu! Kanyere, kuya uone! Ni ndugu yetu! Damu moja!"

Alipolisema neno hilo ndipo alipolisikia. Élodie aliweka chini sinia la vikombe. Mukendi, ambaye hawezi kuona hesabu bila kuimaliza, alisimama, akavaa miwani, akateremka na tawi la Mbusa kwa kidole, kisha akateremka na la Katembo.

"Donc, Jordy eko hapa. Na Élodie eko hapa." Akageuka, uso umejaa masikitiko ya kweli. "Mais hawa ni bajukuu ya mutu na ndugu yake. Kwetu Kasaï hawawezi kuoana."

"Hata kwetu," akasema Kanyere. Halafu akakohoa kikohozi kirefu ambacho nyumba ile haijawahi kukisikia.

Jordy alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, maana amelelewa vizuri, akaaga. Mlangoni alimwambia Élodie kwamba itabidi amweleze Mukaka Hulda, yaani bibi yake, na kwamba Mukaka akisikia habari ya damu, basi. Hulda alikuwa kitinda mimba wa Kapiteni, mtoto wake pekee aliyebaki hai, na kwa kuwa baba yake Jordy anafanya kazi Kinshasa, ndoa ya kijana ilikuwa mikononi mwa bibi huyo. Élodie alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alipita mbele ya kiti bila kukitazama, akaingia chumbani.

Basi mambo yakawa wazi kama meza iliyofutwa. Ama Muyisa abaki na babu, ama mtoto wake aolewe. Vyote viwili haviwezekani. Na dawa ilikuwa maneno machache tu ambayo mtu yeyote mwenye ulimi anaweza kuyasema.

Muyisa akaanza kutafuta njia ya kutoyasema. Alikwenda kwanza kwa padri. Padri akahesabu vizazi kwenye vidole, akasema kwa umbali huo Kanisa halina neno, ila yeye si shangazi wa mtu, na kwa ndoa za watu wa hapa mashangazi ndio wenye neno la mwisho. Kisha akamwendea Mukendi na kumuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ikiwa Jordy hawezi kuhamishiwa tawi lingine.

"Tawi ninaweza kuihamisha, patron," akasema Mukendi. "Ni rangi tu. Lakini bandugu yake Jordy tutabahamisha na nini?"

Jioni alijaribu kwa Élodie. Alisimama mlangoni mwa chumba, akaanza kusema kwamba vijana wazuri ni wengi, hata hapa Butembo wapo, kuna mmoja wa familia ya simenti… Élodie akainua macho. Muyisa akamalizia kwa kuuliza kama chumvi imenunuliwa.

"Papa," Élodie akasema, "masomoni, batoto wakinicheka, mi nilikuwa nabaambia: mi ni wa Kapiteni. Walikuwa wananyamaza. Nilimupenda ule muzee." Alikuwa anakunja sare zake za kazi, arudi nazo Mabalako. "Leo mi namuchukia. Alikufa mbele mi nizaliwe, na anakuya kuniondolea bwana."

Muyisa alijibana mlangoni pale, na moyo ulimuuma, nasema ulimuuma hasa, kwa sababu mwenye kustahili chuki hiyo alikuwa yeye mwenyewe, amesimama pale na soksi zake. Alitaka kusema. Kilichotoka ni hiki: "Kesho tunaenda Beni. Kuona Hulda."

Kanyere alikuwa nyuma yake.

"Baba ya binti aende kwa wakwe mbele hata mbuzi moja haijaletwa?" akasema. "Watasema tumechoka na mutoto, tunamusukuma."

"Waseme."

"Na utabaambia nini?"

Muyisa akainama kutafuta viatu vyake. Kanyere akaenda kutoa kitenge chake kizuri kwenye sanduku. Asubuhi Muyisa alikodi gari, akakifunga kiti juu ya paa kwa mikono yake mwenyewe, na hakumweleza mtu kwa nini.

Njia nzima alifanya mazoezi moyoni. Kapiteni si babu yangu. Babu yangu alikuwa mutu mwingine. Yalionekana maneno mepesi mpaka alipojaribu kuyatamka. Kwenye kizuizi kimoja, askari kijana aliinama dirishani, akaangalia hati, akaangalia juu ya paa.

"Mokolo kiti, mwenye kiti, hii ni ya nani?" akauliza, akichanganya na Kilingala.

Roho ikamruka Muyisa. Huyu hapa mtu asiyemjua, wa mkoa mwingine, ambaye hatamwona tena.

"Ya Kapiteni moja ya zamani," akasema. "Babu yangu… babu yangu alikuwa anaibeba."

Kwenye kiti cha nyuma Élodie aligeuza kichwa. Kanyere aliangalia milima.

"Alikuwa anaibeba tu?" askari akauliza.

"Anaibeba tu."

"Bien. Passez, mupite."

Dunia haikupasuka. Gari likaendelea kushuka kwenye joto la Beni. Élodie alitaka kuuliza kitu, mama yake akamwekea mkono juu ya goti.

Hulda aliwapokea uani, kati ya jiko na mstari wa nguo, akiwa na ungo wa maharage mapajani. Ni bibi mdogo wa mwili, mkali wa macho, aliyepewa jina hilo kwa sababu Kapiteni aliwatafutia watoto wake majina kwa kufungua Biblia bila kuchagua. Kaka zake wawili waliponea chupuchupu kuitwa majina ya watu wabaya. Jordy alikuwapo, hajanyoa. Wajomba, wapwa na wake zao walijaa kwenye viti vya plastiki, maana baba wa binti anayekuja mwenyewe kabla hajaitwa ni sinema, na sinema ya bure hakuna anayeikosa.

Muyisa akaanza kusalimia. Alisalimia wakubwa, akasalimia wadogo, akauliza hali ya kakao, akalaumu barabara, akaeleza jinsi simenti ilivyopanda.

"Muyisa," Hulda akamkatiza, akipuliza maganda, "ulitoka Butembo kuya kuniambia bei ya simenti?"

"Hapana, mama."

"Basi sema. Jordy aliniambia kuko bâche."

Muyisa akasimama. Akaweka mikono nyuma. Akavuta pumzi, akafungua kinywa, na ulimi, ambao umepita njia moja tangu Kasindi, ukaifuata njia yake peke yake:

"Babu yangu, Kapiteni Salomon…"

Kanyere akakohoa.

Muyisa aliangalia nyuso zile zote, akamwangalia Élodie aliyekaa na mkoba mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, akageuka na kutoka nje ya uzio bila neno. Watu wakadhani amekimbia. Mpwa mmoja alianza kucheka.

Aliporudi alikuwa amebeba kiti. Hakukishika mkononi. Alikuwa amepitisha mabega ndani ya zile kamba za ngozi na kukiweka mgongoni, kama mwanamke anavyobeba kikapu cha mihogo, na ameinama. Alivuka ua wote hivyo. Kuku walimpisha. Katikati kamba moja ikakatika, kiti kikaning'inia, akakidaka kwa mkono wa nyuma akaendelea. Alikitua mbele ya Hulda na kubaki amepiga magoti, kwa sababu mgongo ulikataa kunyooka.

"Babu yangu alikuwa anaitwa Lusenge," akasema. Sasa ulimi ulikuwa umefunguka na hakukuwa na wa kuufunga. "Alikuwa anabeba hii kiti. Papa yangu alikuwa Katembo ya Lusenge, haiko ya Kapiteni. Watu walifikiri, na mi niliachilia wafikiri. Nilisema bongo, nilidanganya. Élodie haiko damu yenu hata kidogo. Munisamehe. Mutoto hana kosa."

Élodie alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Baba yake hakuthubutu kumtazama. Kisha akasikia sauti, akadhani ni kilio, na haikuwa kilio. Binti yake alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anacheka hadi mkoba ukaanguka. Jordy naye akaanza, halafu ua mzima.

Hulda peke yake hakucheka. Aliweka ungo chini, akapitisha kiganja juu ya mbao, akagusa waya kwenye mguu.

"Lusenge," akasema. "Uko unafikiri alikuwa anabeba kiti tupu?"

Muyisa akainua uso.

"Papa alikuwa hapana weza kutembea. Alikuwa anakaa hapa juu, Lusenge anamubeba mugongo kwa mugongo. Nilikuwa mutoto, lakini niliona na macho yangu. Papa anaangalia nyuma, anapiga kelele kwa batoto ya kwaya: musonge mbele! Na mwenye kuangalia mbele ni nani? Ni Lusenge. Hana mukuki, hana bunduki, mikono imeshika kamba. Siku ya kivuko, Papa hakuona adui hata moja. Lusenge njo aliwaona wote."

Muyisa aliwaza sahani ile ya wali, na miaka yote aliyomficha mtu huyo kama nguo iliyotoboka, na aibu ikamshika, safari hii aibu iliyo yake mwenyewe. Akalia kidogo. Akajifuta kwa mkono wa shati, akidai ni vumbi la barabara.

"Katembo wetu alikufa na surua," Hulda akaendelea, "hata meno hayajatoka. Mama alimuzika nyuma ya kanisa. Mi najua hii mambo tangu zamani."

"Ulijua?" Muyisa akasema. "Mama, juu ya nini ulininyamazia?"

"Kila mwaka nikituma mutu Mangina kufyeka kaburi, anakuta imeshafyekwa. Msalaba mweupe. Nilisema moyoni, huyu mwongo anatusaidia kazi, tumuache." Aliwageukia wapwa zake, ambao ghafla walianza kuangalia viatu vyao. "Hawa damu yangu hata njia ya kaburi hawaijui."

Kisha akakaa kwenye kiti. Alikaa taratibu, akajisogeza, akakipima kama mtu anayenunua. Miguu yake ilifika chini sawasawa.

"Mambo ya batoto imekwisha," akasema. "Waoane. Ila kuna jambo ya babu. Ulitumia papa yangu miaka hii yote bila kuniomba. Kwa mbuzi ya mahari, tutapunguza moja. Ile ni ya kukodi Kapiteni."

Ua ukapiga vigelegele. Muyisa, ambaye kwenye duka lake hapunguzi hata msumari, alikubali bila kupatana.

"Na kiti?" akauliza.

"Kiti ni yenu. Papa njo alimupa Lusenge, kwa mukono yake." Hulda alimnyooshea mkono amwinue. "Lakini watu wakae juu yake. Kiti ya kuangalia tu ni kiti gani?"

Vijana walioana baada ya mavuno ya kakao, misa ya asubuhi, ngoma mpaka jioni. Ile bâche sasa inafunika simenti dukani, matawi chini, na Mukendi akipita hugeuza macho asiione. Kiti kipo sebuleni. Élodie alikishonea kamba mpya, na paka amehamia hapo kabisa.

Novemba iliyofuata Muyisa hakwenda Mangina peke yake. Jordy alifyeka upande mmoja wa kaburi, na mkwewe upande mwingine, akimkosoa namna anavyoshika panga. Élodie hakuruhusiwa kushika chochote. Tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele yake. Kanyere alikuwa anakoroga chokaa kwenye ndoo. Mzee mmoja anayepita na baiskeli yenye mkungu wa ndizi alisimama kupumzika, akauliza kaburi ni la nani na wao ni kina nani.

Muyisa alinyooka. Alifuta panga kwa majani. Akatoa kifua, kile kifua chake kinachojulikana, na Kanyere akaacha kukoroga.

"Ya Kapiteni Salomon," akasema. "Alikuwa katekista na mutu ya vita. Sisi wengine babu yetu ni Lusenge, ule mwenye alimubeba." Kisha akalielekeza panga, kwa uangalifu, upande wa tumbo la binti yake. "Lakini huyu mwenye anakuya ni mujukuu yangu, na ni damu ya Kapiteni kabisa kabisa. Uliza mutu yeyote."

Mzee wa baiskeli alishtuka, kama inavyotakiwa. Muyisa akamwangalia mkewe, akingoja.

Kanyere aliinama juu ya ndoo yake akaendelea kukoroga. Hakukohoa.